Waya wa Sabufa na Bei Yake: Mafunzo Niliyopata

Nafunga muziki majumbani, makanisani na kwenye kumbi ndogo za Dar es Salaam, na swali linalonifuata kuliko yote halihusu spika wala amplifaya. Ni waya. Mteja ameshanunua sabufa, na pale dukani Kariakoo ameonyeshwa waya wa shilingi elfu nane na mwingine wa laki moja na nusu, wenye gamba la nailoni iliyosukwa na pini za rangi ya dhahabu. Akaambiwa bila huu wa pili besi haitoki. Je, atoe hela? Haya ndiyo ninayomjibu, kwa kirefu kuliko anavyopenda kusikia tukiwa barazani.

1. Tujue kwanza ni waya gani tunaoubishania

Sabufa nyingi za sebuleni zina amplifaya humohumo ndani. Waya unaoingia kutoka kwenye runinga au resiva haubebi nguvu, unabeba taarifa tu: volti moja au mbili, mara nyingi chini ya hapo, na mkondo ambao haufiki hata sehemu ya elfu ya ampea. Ndio ule wenye pini za RCA, nyekundu na nyeupe, au mmoja tu mweusi kwa sabufa za resiva.

Zipo pia sabufa zisizo na amplifaya ndani, hasa za makanisani, za kumbi na za magari. Waya wake ndio unaobeba mkondo mzito wa kusukuma spika yenyewe. Kazi hizi mbili hazifanani hata kidogo. Ubishi mwingi wa vijiweni hauishi kwa sababu mmoja anazungumzia waya wa huku na mwenzake wa kule, wote wawili wana haki, na chai inapoa.

2. Besi haina madai makubwa kwa waya wa pini

Muuzaji husema besi ni nzito, kwa hiyo inataka waya mzito. Inaingia akilini, ila kwa waya wa taarifa mambo ni kinyume. Sikio la binadamu linasikia kuanzia kama 20 Hz hadi 20,000 Hz. Sabufa inashughulika na ncha ya chini kabisa: ile chaneli ya ".1" kwenye mfumo wa 5.1 wa Dolby inaishia 120 Hz, na watu wengi huikata sabufa kwenye 80 Hz. Dhambi ya waya mrefu wa pini ni kula sauti za juu, kwa sababu uzi wa kati na wavu wa nje huhifadhi chaji kati yao. Chukua mita kumi za waya wa kawaida wenye pikofaradi 100 kwa mita, uuchomeke kwenye kifaa chenye ukinzani wa kutolea sauti wa omu 1,000. Utaanza kula sauti kwenye 160,000 Hz hivi. Hakuna sikio la binadamu linalofika huko, sembuse sabufa inayoishia 120.

Kuna na maneno mengine kwenye maboksi. Moja linasema umeme hukimbilia ngozi ya waya, kwa hiyo nyuzi zimesukwa kwa namna maalumu. Umeme hufanya hivyo kweli, lakini kwenye 50 Hz ngozi hiyo ndani ya shaba ina kina cha zaidi ya milimita 9, na hakuna uzi wa RCA mnene kiasi hicho. Jingine linasisitiza waya lazima uwe wa omu 75 sawasawa. Kwa picha za video, ndiyo. Kwa 80 Hz, wimbi moja ndani ya waya lina urefu wa kama kilomita 2,500, zaidi ya kwenda Mwanza kwa barabara na kurudi. Mita tano za sebuleni haziwezi kulisumbua.

Kwa hiyo, hoja kwamba waya ghali "unafungua besi" naiweka kando mapema. Kilichobaki ndicho chenye uzito.

3. Adui ni mvumo, na mvumo unakaa palepale besi inapokaa

Umeme wa Tanesco ni wa 50 Hz. Ukivuja ndani ya waya wa sauti, unatokea 50, 100 na 150, na mbili za kwanza ziko ndani kabisa ya uwanja wa sabufa. Spika ndogo za pembeni haziwezi hata kuutoa mvumo wa 50. Sabufa inautoa kwa raha zake zote, maana ndiyo kazi iliyonunuliwa kufanya. Ndiyo sababu wateja hulalamika kuhusu sabufa na si spika nyingine: "Fundi, inakoroma hata kama sijaweka wimbo."

Mama mmoja wa Tabata aliniita kwa koromo la namna hiyo. Sabufa yake ilikuwa na plagi ya pini tatu, imechomekwa ukutani nyuma ya kochi. Runinga na king'amuzi vilikuwa upande wa pili wa chumba kwenye soketi nyingine, na dishi limefungwa kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa uani. Alikuwa ameshashauriwa anunue waya wa laki na ushee.

"Mama, kabla ya hela yoyote, naomba nichomoe waya wa dishi nyuma ya king'amuzi."

"Chomoa tu baba, lakini tamthilia inaanza saa tatu."

Nilipoufungua ule waya wa dishi, koromo likakatika palepale. Nikaurudisha, likarudi. Kilichokuwa kinatokea ni hiki: ethi ya soketi na ile nguzo ya uani zote zinagusa ardhi, lakini hazina volti sawa. Tofauti ile ndogo inatafuta njia, na njia iliyokuwepo ilikuwa wavu wa nje wa waya wa RCA. Mkondo ukipita kwenye wavu wenye ukinzani, unazaa volti, na volti hiyo sabufa inaisoma kama sehemu ya wimbo. Milliampea moja kwenye wavu wa omu moja inazaa millivolti moja. Ukiwa unatuma theluthi ya volti, huo ni uchafu wa sehemu moja kwa mia tatu, na wimbo ukitulia unausikia kutoka jikoni.

Nilianza kwa kuhamishia kila kitu, runinga, king'amuzi na sabufa, kwenye ekstensheni moja. Koromo likapungua. Kisha nikabadilisha waya, nikaweka wenye wavu mnene wa shaba, kwa gharama isiyofika elfu ishirini. Ukikaa kwenye kochi husikii kitu, ukiweka sikio kwenye spika unasikia kwa mbali. Tamthilia aliiwahi.

Hata sabufa zenye plagi ya pini mbili haziepuki kabisa. Vifaa vya aina hiyo huvujisha umeme kidogo kupitia kapasita za pawasaplai, kiasi cha sehemu ya kumi ya milliampea au zaidi kidogo. Ndio ule unaokuwasha vidoleni ukishika chuma cha pini huku unakanyaga sakafu bila viatu. Nao unapita kwenye wavu uleule.

4. Wembe unasema ukweli kuliko boksi

Baada ya kazi kama hiyo nilizoea kupasua kila waya mbovu nilioutoa kwa mtu, na hata mzima nilioununua ili nione. Niwaonyeshe miwili iliyopo mezani kwangu sasa hivi.

Wa kwanza ni ule mwembamba unaokuja bure ndani ya boksi la sabufa. Ukikata ganda lake unakuta uzi wa kati kama wa kushonea, na badala ya wavu kuna vinyweleo vichache vya rangi ya shaba vilivyozungushwa upande mmoja. Ukiupinda, vinaachana na uzi wa kati unabaki uchi. Nilikwaruza kinyweleo kwa ncha ya wembe: chini ya rangi ya shaba kuna weupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Nilipoweka ncha za mita ya kupimia umeme kwenye mkufu (pete ya nje) wa pini ya huku na mkufu wa pini ya kule, ikasoma karibu omu moja.

Wa pili ni wa bei mbaya. Gamba la nailoni, chini yake mpira mnene, chini yake nyuzi za pamba za kujazia tu ili waya uonekane mnono, na katikati kabisa, waya wenyewe, ambao hauzidi sana unene wa penseli ya mtoto. Lakini haki yake niupe: wavu ulikuwa wa shaba tupu, umesukwa vizuri, na chini yake kuna karatasi ya foili. Mita ilisoma vilevile kama nilipogusanisha ncha zake zenyewe, yaani ukinzani mdogo kuliko inavyoweza kupima.

Nikakata kipande cha waya wa kamera za ulinzi, aina ya RG-59, unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya CCTV. Uzi wa kati shaba, wavu wa shaba. Mita ikasoma vilevile tena. Nikaufunga pini mbili za chuma nzuri kwa risasi, ukafanya kazi ileile kwa sehemu ndogo ya bei.

Ila angalieni mnaponunua. Siku hizi waya mwingi wa RG-59 na RG-6 sokoni una wavu wa alumini usioshika risasi, na uzi wa kati wa chuma uliopakwa shaba. Nenda na wembe na kipande cha sumaku. Sumaku ikinata kwenye uzi wa kati, ni chuma. Ukikwaruza ukaona weupe, ni alumini au chuma. Muuzaji akikataa usikwaruze, nenda duka la jirani.

5. Mishale kwenye ganda

Nyaya nyingi ghali zina mshale unaoelekeza upande wa sabufa. Mkondo wa sauti unakwenda na kurudi mara nyingi kwa sekunde, haujui mshale. Lakini mishale mingine ina maana: ndani kuna nyuzi mbili, moja ya kupeleka na moja ya kurudisha, na wavu wa nje umeunganishwa upande mmoja tu. Inasikika kama jambo la kitaalamu, na wauzaji hulieleza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni siri ya ukoo.

Kwa pini za RCA, ninavyouona, mpangilio huo ni hasara. Njia ya kurudi sasa ni uzi mmoja mwembamba badala ya wavu mzima wa shaba, kwa hiyo ukinzani umepanda, na ule mkondo wa Tabata ungezaa mvumo mkubwa zaidi. Umelipa zaidi upate kidogo. Kama unataka nyuzi mbili na wavu, nenda kwenye plagi za XLR, ambako vifaa vyote viwili vimeundwa kupokea hivyo na mvumo unajifuta wenyewe. Makanisani navuta XLR mita thelathini kutoka miksa hadi jukwaani bila wasiwasi.

6. Pini

Pini za RCA zilibuniwa Marekani miaka ya 1930 kwa ajili ya gramafoni, na zina kasoro moja hadi leo: ncha ya kati inagusa kabla ya mkufu wa nje. Ndiyo maana ukichomeka sabufa ikiwa inawaka inapiga kishindo cha kutisha. Izime kwanza. Halafu, mkufu ukilegea, wavu mzuri wote unakuwa bure. Ubane kidogo kwa koleo. Rangi ya dhahabu inasaidia isipate kutu, na kwa nyumba za Kigamboni au Zanzibar zinazopigwa na upepo wa chumvi hilo si dogo. Dhahabu yenyewe ni utando tu, haistahili laki.

7. Usikate pini ya ethi. Usikubali ikatwe

Wapo mafundi wanaomaliza koromo dakika moja: wanakata ile pini ndefu ya juu kwenye plagi, au wanaweka adapta ya pini mbili. Mvumo unaisha kweli, kwa sababu njia ya mkondo imekatwa. Lakini siku transfoma ya ndani itakapoungua na moto kugusa bodi ya chuma, fyuzi haitakatika, na mtoto anayepangusa vumbi ndiye atakayekuwa ethi. Nikikuta plagi ya namna hiyo nyumbani kwa mtu naibadilisha kabla sijagusa kingine chochote, na gharama ya plagi naiweka juu yangu kama mteja anasitasita.

Kama mzunguko wa ethi hauishi kwa ekstensheni moja na waya mzuri, kuna vitransfoma vidogo vya kutenganisha, vinauzwa kwenye maduka ya redio za magari. Vinafanya kazi. Tatizo ni kwamba vya bei ya chini vina chuma kidogo ndani, na besi ya chini kabisa haipiti, yaani unatibu koromo kwa kuiua sabufa. Kwenye kifaa hiki, tofauti na kwenye waya, ghali kidogo mara nyingi ni bora kweli.

8. Penye nguvu, lipia unene

Sasa turudi kwa zile sabufa zisizo na amplifaya. Hapa waya una kazi nzito, na hapa ndipo watu wanapobana matumizi isivyo. Kanisa moja walikuwa na sabufa za omu 4, amplifaya nzuri, na waya wa taa wa milimita za mraba 0.5 umevutwa mita kumi chini ya zulia. Shaba ya 0.5 ina ukinzani wa kama omu 0.036 kwa mita kwa kila uzi. Kwenda na kurudi ni mita ishirini, omu 0.7. Maana yake, kama asilimia 15 ya nguvu inayotoka kwenye amplifaya inapotea kwenye waya kabla ya kuifikia spika, na mkono wa amplifaya juu ya koni unalegea. Waya wa 2.5, uleule wa soketi za nyumba, unashusha hiyo hadi omu 0.14. Kanuni niliyoishika ni kwamba ukinzani wa waya mzima usizidi asilimia tano ya ukinzani wa spika. Kwa omu 4, hiyo ni 0.2.

Unene ndio unaonunuliwa hapo, pamoja na shaba halisi. Alumini iliyopakwa shaba ina ukinzani wa karibu mara moja na nusu ya shaba, kwa hiyo "2.5" yake si 2.5 yako. Waya wa umeme wenye nyuzi nyingi laini unafanya kazi hiyo vizuri. Si lazima uwe na neno "audio" ubavuni.

9. Masikio yanakwenda na macho

Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani aliyetumia maisha yake kufichua ulaghai, aliahidi dola milioni moja kwa atakayeweza kutofautisha, kwa kusikiliza tu, nyaya za spika za Pear Anjou zilizouzwa dola 7,250 na nyaya nzuri za kawaida. Jaribio lenyewe halikufanyika.

Mimi sina milioni ya dola, nina pazia. Mteja anayebisha namkalisha kwenye kochi lake, wimbo wake anaoujua, na kijana wangu yuko nyuma ya pazia na nyaya mbili. Kila mara tunasema "tumebadilisha," lakini mara nyingine hatujabadilisha kitu. Sauti inabaki kwenye kiwango kilekile, maana kinachopiga juu kidogo tu sikio hukiita bora. Mzee mmoja, mtu mwenye masikio mazuri kwa kweli, ameimba taarabu ujanani, alisema waya wa tatu "umefunguka, una pumzi." Ulikuwa uleule wa pili. Alicheka mwenyewe, akasema, "Kijana, basi niachie huu wa pili." Tulimwachia.

Simlaumu mtu anayenunua waya kwa sababu anaupenda. Kitu kizuri nyuma ya kabati lako ni raha yako. Ninachokataa ni kuambiwa besi inatoka humo.

10. Hela ya waya iwe hela ya urefu

Chumba kinaiharibu besi kuliko waya wowote niliowahi kuupasua. Wimbi la 40 Hz lina urefu wa mita 8.6. Sebule yenye urefu wa mita 4.3 ni nusu yake kamili, kwa hiyo noti hiyo inajirundika ukutani na kupotea katikati ya chumba. Unakaa kwenye kochi husikii kitu, mtoto aliyelala kona anatikiswa. Kuisogeza sabufa mita moja kunabadilisha sauti ya noti moja kwa desibeli kumi au zaidi, na hilo halihitaji pazia, kila mtu aliye chumbani analisikia.

Njia ninayotumia ni kuiweka sabufa pale mtu anapokaa, juu ya kochi lenyewe, kupiga wimbo wenye besi inayotembea, kisha kutambaa sakafuni kando ya kuta nikisikiliza. Pale noti zote zinaposikika sawasawa ndipo sabufa inapokwenda kukaa. Watoto wa nyumba hufurahi sana kumwona fundi anatambaa.

Kwa yule mzee wa taarabu, mahali hapo palikuwa nyuma ya kochi, upande wa dirisha. Mkewe hakutaka kabati la runinga lisogezwe, na alikuwa na haki. Waya wa boksi ulikuwa wa mita moja na nusu, na ule ghali aliokuwa ameuwekea jicho dukani ulikuwa wa mita mbili. Nikakata mita nane za RG-59 ya shaba, nikaipitisha chini ya ubao wa ukutani, nikafunga pini pande zote mbili.